Mkono wa Bi Zuhura umeukataa mpira wangu, ukazikubali nywele zangu

Habari za muda huu wakuu. Haya sikuhadithiwa, yamenikuta mwenyewe kazini, na hadi naandika hapa kichwa hakijakaa sawa.

Mimi ni physiotherapist, tupo kichochoro kimoja Kariakoo. Bango letu limeandikwa "Tiba ya Viungo" na majirani wanauza iliki, kwa hiyo kila siku lazima aingie mtu kuulizia mdalasini. Nimeshazoea.

Sasa nina mgonjwa, Bi Zuhura wa Magomeni, msusi wa siku nyingi. Kiharusi kilimpooza mkono wa kulia. Binti yake ndiye anamleta, na ameshakata tamaa. Kiti cha mama yake pale sokoni ameshakitafutia msusi mwingine.

Nampa mpira wa sponji aminye. Wapi! Namhesabia, nambembeleza, vidole vimelala tu.

Kuna siku nilirudi nyumbani nalia, sitanii. Hii kazi niliisomea kwa sababu napenda kuona mtu anainuka.

Wiki iliyopita nimeinama kumvalisha viatu, nikahisi navutwa nywele.

"Mwanangu, nani kakusuka twende kilioni hii? Mbona mistari imelewa?"

Wakuu, ulikuwa mkono wa kulia!

Nikakimbilia mpira. "Bibi, minya basi."

Hakuna kitu. Vidole vimelala vilevile.

Nikamuuliza, "Bibi, unanifanyia makusudi?"

"Wallahi hata mimi sielewi. Huo mpira sijui naufanyia nini. Kichwa nakijua."

Chuoni tulifundishwa kumpa mgonjwa kazi aliyoizoea, na mtihani nilifaulu. Ila jamani, vidole si ni vilevile?

Siku hizi kabla hajafika nafumua nusu kichwa, nakaa chini, ananisuka. Wagonjwa wengine wanauliza kama tumefungua saluni.

Jana kamaliza mstari mmoja. Umepinda, umelegea, lakini ni mstari.

Binti yake akaushika, akaugeuzageuza, machozi yakamtoka. Kisha akatoka nje kumpigia simu yule msusi mwingine. Nilimsikia: "Samahani dada, kile kiti kina mwenyewe."

Nilichojifunza: kabla ya kumpa mtu mpira, muulize mkono wake ulikuwa unafanya nini.

Wenye uelewa karibuni mnifafanulie, maana mwenzenu nimefurahi na sijui nimefanya nini.