Mifupa ya Bi Tatu na Mwani wa Unguja

Niliripoti kazini Kisarawe miaka michache baada ya Uhuru, gauni langu jeupe limepigwa wanga hadi linasimama lenyewe. Mganga Msaidizi, mkubwa wetu pale zahanati, hakuwa na muda wa kunikaribisha. Alinionyesha mama mmoja aliyeketi kwenye benchi akishikilia mkono wake wa kulia. Alikuwa ameteleza uani, akajikinga kwa kiganja, kifundo cha mkono kikavunjika.

"Muulize kama hedhi imekoma," akaniambia.

Nilitamani ardhi ipasuke. Mimi binti mdogo, nimuulize mtu wa rika la mama yangu habari za mwezini? Mganga akanitazama. "Wewe si Mnyamwezi? Huyu ni Mzaramo. Unaogopa nini?"

Vijana wa siku hizi huenda hamjui uzito wa maneno hayo. Wazaramo na Wanyamwezi ni watani, na mtani hutamka hadharani lile ambalo mtoto wa kuzaa hathubutu. Nilitoa shikamoo kwanza, akaitika marahaba. Kisha nikasema, "Mtumwa wangu, bado unaingia mwezini au umeshafunga duka?"

Bi Tatu, ndilo jina lake, alicheka mpaka akasahau maumivu. "Nimefunga zamani, Mnyamwezi wee. Ulitaka kununua nini?"

Swali lilikuwa na maana. Hedhi ikikoma, mwili wa mwanamke hupungukiwa na homoni inayolinda mifupa, nayo huanza kukonda ndani kwa ndani bila maumivu. Mara nyingi kifundo cha mkono hutangulia kuvunjika na nyonga hufuata. Enzi zile wazee wengi waliovunjika nyonga hawakuinuka tena. Tulimfunga hogo, ile plasta ngumu ya kushikiza mfupa, nikamweleza yote hayo. Akanijibu jambo moja tu.

"Kufa siogopi. Nisije nikabebwa na mkwe kwenda chooni."

Hogo lilipotolewa hakurudi tena, nikamfuata kwake. Wanawe walikuwa wamesikia kwamba mifupa ya mama imekonda, wakampiga marufuku jembe, ndoo, hata ufagio. Kwao hiyo ndiyo heshima: mama amelea, sasa akae ale. Nilimkuta mkekani, miguu imekuwa myembamba, na Zuhura, mke wa mwanawe, anamkorogea uji wenye unga wa mwani. Mdogo wake Bi Tatu aliyeolewa Unguja alikuwa akiokota mwani ufukweni kuwauzia wafanyabiashara. Alisikia kwamba unaimarisha mifupa, akatuma kikapu kizima.

Nilimpelekea Mganga kidogo. Alionja, akatema.

"Chumvi tupu, na presha ya yule mama iko juu. Huu ni mboga ya baharini. Madini ya mifupa yamo, ila kiasi gani sijui, na wewe hujui. Akiupenda, wauloweke, wamwage maji, ale kidogo. Lakini mtu wa kukaa tu, hata umlishe bahari nzima, mifupa itazidi kukonda. Atembee."

Kumwambia nilimwambia. Wanawe wakanijibu kwa adabu kwamba mama hasumbuliwi. Basi nikafanya kazi ya mtani. Nikaukunja mkeka mbele yao, nikaubeba kichwani, nikatangaza kwamba utakombolewa zahanati na mwenyewe, kwa miguu yake. Mtani akichukua kitu hashitakiwi, ni haki yake. Wakacheka huku wamekasirika.

Kesho yake Bi Tatu alikuja na fimbo, akilitukana kabila langu njia nzima. Nikampa mkeka. Siku nyingine nikamchukulia sufuria, kisha kinu, na kila mara alikuja kukomboa. Mwisho alirudi shambani bila kuibiwa kitu.

Baadaye nilihamishiwa Kibaha, upande wa Tumbi, chini ya Bibi Afya, yaani muuguzi wa afya ya jamii, mama mkali wa Kilutheri. "Kule ulikuwa na watani," aliniambia. "Hapa una ratiba." Ilikuwa enzi ya vijiji vya ujamaa, nikawa nazunguka Kongowe na Misugusugu kufundisha akina mama: dagaa waliwe na vichwa vyao, mchicha, jua la asubuhi, kutembea. Wengi walishika habari ya dagaa, ya kutembea wakaiacha. Iliniudhi, na bado inaniudhi.

Sasa nimestaafu, na binti yangu huniletea vidonge vya mwani kwenye chupa nzuri. Sina ugomvi navyo. Navimeza kumridhisha, kisha nachukua ndoo yangu naenda bombani, naye hununa.

Nikiulizwa kazi ile ilinipa nini, hukumbuka msiba wa Bi Tatu. Nilikuwa bado Kibaha habari iliponifikia. Nilipoingia uani Kisarawe watu walinipisha, maana mtani msibani hutakiwa amwigize marehemu, watu wacheke. Zuhura alinisogelea.

"Aliamka alfajiri," alisema, "akaenda chooni mwenyewe, akatawadha, akasali. Nilipompelekea uji nikamkuta amelala palepale kwenye mswala."

Nilipokea fimbo yake, nikainama kama yeye, nikapiga hatua moja. Matusi yalikuwa yamenijaa mdomoni, lakini kilio kikanishinda.

"Mtani, vipi?" mzee mmoja akauliza. "Kazi yako si kuchekesha?"

"Mwacheni alie," Zuhura akamjibu. "Leo ndiyo mara ya kwanza tunambeba."