Mzee Kiunga na Rashasha

Kiunga, mzee wa kanisa viungani mwa Meru, alikuwa ameshawatambia majirani kwamba yeye ndiye atakayepewa rashasha ya kulinda ng'ombe wao. Kilichobaki ni kuifyatua mbele ya mkufunzi wa polisi. Akishindwa, bunduki ingeenda kwa jirani yake, Bundi, aliyesimama kando akisubiri.

"Mtutu uelekee shabaha, mzee. Kidole kisiguse kifyatuo mpaka niseme. Risasi moja tu," mkufunzi akaagiza.

Kiunga alitii yote, ila kwanza akafumba macho kuomba, kama afanyavyo hata kabla ya kupalilia maharagwe. Akaombea mvua, serikali, na wezi waokoke.

"Mzee, kwa maombi hayo wezi wangekuwa wameshavuka mto na ng'ombe!" Bundi akalia.

"Amina."

"Haya, piga!" mkufunzi akaamuru.

Risasi ikatoboa shabaha katikati. Kiunga akafunga usalama wa bunduki, akainamisha kichwa kushukuru. Mkufunzi akaitoa bunduki mikononi mwake taratibu, akampa Bundi.

"Endelea tu, mzee," Bundi akanong'ona. "Sisi tutalinda."