Bwana Stoo na Mke wa Meneja

Bwana Stoo hakuvunja mashine. Lianze hilo, maana ndilo linalotafunwa zaidi. Hakuitupa ukutani, hakuikanyaga, wala hakuwa amelewa. Mtu aliyefika miaka hamsini na minane bila kuonja hata bia ya harusi yake mwenyewe hawezi kuanza kulewa kazini, saa nne asubuhi. Alichukua kidude cha masikioni, akakunja waya wake taratibu, akakiweka mezani kwa meneja na kusema maneno mawili. Maneno hayo yatafika mahali pake. Wanaojitetea kwa kusema lisemwalo lipo wangengoja kwanza waambiwe kilichokuwepo.

Kwa miaka ishirini na sita mtu huyu alitunza stoo ya vipuri vya malori, ghala refu la mabati lenye rafu mia nne na ushei, linalonuka grisi na mpira mpya. Mafundi walisimama dirishani wakapaza sauti, kila mmoja kwa Kiingereza cha kwao. Aliyefundishwa na Waingereza aliita kifuniko cha injini boneti, aliyefundishwa na Wamarekani aliita hudi. Huyu alitaka spana, yule renchi, na chombo ni kilekile. Mmoja alitoka pande ambako r na l ni ndugu wa tumbo moja, akaomba ledieta badala ya redieta. Bwana Stoo hakumcheka hata mmoja wao. Aliitikia, "Naam, inakuja," akazama ndani, akarudi na kitu chenyewe. Mafundi walisema mzee ana masikio manne.

Nyumbani alikuwa na mke, ambaye mtaa mzima ulimwita Mwalimu kwa sababu alifundisha Kiingereza sekondari kwa miaka thelathini na mmoja, tena kwa shahada, si kwa kubahatisha. Kiingereza cha nyumba ile kilikuwa cha Mwalimu, vipuri vilikuwa vya mumewe, na hapakuwa na ugomvi. Ni kweli kwamba wageni wakiwa sebuleni na mzee akasema "faivu", na ile u yake ya mwisho ikining'inia kama shati lililotoka kwenye suruali, Mwalimu alikohoa. Alikohoa tu. Hakumsahihisha mbele za watu kama inavyodaiwa.

Kisha kampuni ikapata meneja mpya. Kijana huyu alipita mikononi mwa Mwalimu kidato cha pili, akaenda ng'ambo miaka miwili, akarudi anaongea puani. Na akaja na mashine.

Dirisha likafungwa. Mafundi wakaambiwa waandike wanachotaka kwenye kompyuta, na kila mtu wa stoo akavishwa kidude cha masikioni chenye kijiti cha kusemea mbele ya mdomo. Ndani yake mlikuwa na sauti ya mwanamke wa kigeni, laini, isiyopanda wala kushuka. Ilikuambia nenda rafu fulani. Ukifika, ulitakiwa uisomee kwa Kiingereza namba zilizobandikwa pale. Ikiridhika, ilikuambia uchukue vipuri vingapi. Isiporidhika ilikuambia, kwa Kiingereza chake, rudia. Vijana wa stoo wakaibatiza Mke wa Meneja.

Bwana Stoo akasimama mbele ya rafu aliyoipanga kwa mikono yake, akasoma, "Dabo faivu, eiti, o."

Rudia.

"Dabo faivu..."

Rudia.

Kumbe Mke wa Meneja hakujua dabo. Alitaka tano mbili, kila moja peke yake. Hakutaka o, alitaka ziro. Na hiyo faivu aliitaka ikatike mwishoni kama uzi uliokatwa kwa meno. Namba zilezile ambazo watu wazima, wenye akili zao, husomeana kwenye simu miaka nenda miaka rudi na kuelewana, ghafla hazikuwa namba. Vijana walijifunza ujanja upesi.

"Bana pua, mzee!" walimwambia. "Jifanye una mafua!"

Mzee hakuweza kujifanya ana mafua. Akawa anasimama mbele ya rafu zake kama mtu anayebisha hodi nyumbani kwake na kuulizwa yeye ni nani. Na mashine ilihesabu kila aliporudia.

Alipomweleza mkewe, Mwalimu alikasirika. Alimkasirikia yeye, na hilo halifichwi hapa. Kila asubuhi kabla ya kazi, chai ikiwa mezani, alimkalisha na kumfundisha, akigonga kijiko kwenye kikombe.

"Faiv. Usiweke u. Rudia."

"Faivu."

"Meno ya juu juu ya mdomo wa chini, halafu unafunga. Rudia!"

"Faiv... u."

"Rudia!"

Ukuta wa jikoni ni mmoja na wa fundi cherehani, jirani ambaye mdomo wake hushona kuliko mashine yake. Kwa hiyo yote aliyoyasikia pale yakavaliwa na mtaa mzima. Ni kweli Mwalimu alipaza sauti. Ni kweli pia kwamba siku moja alimwambia, "Miaka thelathini chini ya dari moja na mwalimu wa Kiingereza, na hesabu ya chekechea inakushinda?" Mzee akamjibu, "Mama, chai inapoa." Fundi cherehani ameongeza kwamba mzee alilia. Hakulia. Alikunywa chai yake akaenda kazini.

Mwezi wa tatu tangu mashine ije, ikaja barua. Aliitoa kwenye mfuko wa ovaroli, imekunjwa mara nne. Ilisema kwamba mtumishi huyu hana uwezo wa kusoma wala kutamka tarakimu, kwamba kuanzia Jumatatu atafagia uwanja, na kwamba atie sahihi hapa chini kukubali maelezo hayo kuwa ya kweli. Barua ya namna hiyo hukaa kwenye faili la mtu mpaka wajukuu wake waje kuomba kazi.

Mzee alikuwa ameshashika kalamu.

"Unataka kufanya nini?" Mwalimu akamuuliza.

"Si uongo, mama. Imenishinda."

"Hutii sahihi. Mtu anayesoma gazeti mpaka matangazo ya vifo, aandikwe hajui kusoma? Lete hapa."

Kesho yake Mwalimu akavaa viatu vyake vya mahafali, akaongozana na mumewe hadi ghalani.

"Shikamoo, Mwalimu," meneja akasimama.

"Marahaba. Barua hii umeiandika wewe?"

"Mwalimu, siyo mimi. Ni mfumo. Mfumo unataka Kiingereza sanifu."

"Sanifu cha nani?"

"Cha... kimataifa."

"Kidato cha pili ulikuwa unasema faivu. Nilikusikia kwa masikio yangu. Mama yako anasema faivu mpaka leo, na ndiyo iliyokulea. Hebu lete hicho kidude."

Ukweli usemwe wote. Alitaka kumwonyesha meneja kwamba mashine hailingani na mtu aliyesoma. Lakini alitaka pia kumwonyesha mumewe kwamba jambo lenyewe ni jepesi, na kwamba angejitahidi kidogo tu, lingekwisha.

Alivaa kidude juu ya kitambaa chake cha kichwa, akasimama mbele ya rafu ya kwanza. Watu wa stoo wakasogea. Akasoma namba kwa Kiingereza ambacho wakaguzi watatu wa elimu, kwa nyakati tofauti, walikisifu kwa maandishi.

Rudia.

Akasoma tena, polepole.

Rudia.

Akasoma kwa sauti ya darasani, ile iliyonyamazisha wanafunzi arobaini na watano.

Rudia.

"Bana pua, Mwalimu!" mmoja akapiga kelele kutoka nyuma, na ghala likaangua kicheko.

Mara kumi na moja. Jasho lilimtoka mpaka kwenye mkoba. Na sikioni neno lilikuwa lilelile, bila hasira, bila huruma, na kila lilipokuja alilitambua zaidi. Lilikuwa neno lake. Alikuwa amelisema mezani kila asubuhi kwa miezi mitatu, huku akigonga kijiko.

Bwana Stoo hakucheka. Miezi mitatu alikuwa ameambiwa rudia ghalani, akaambiwa rudia nyumbani, akavumilia. Alipoona mkewe anaambiwa, hakuvumilia. Alimvua kidude bila kuchafua kitambaa chake, akakunja waya, akakipeleka kwenye meza ya meneja na kukiweka pale kwa adabu.

"Shika mkeo," akasema.

Ndiyo maneno mawili yale. Ghala zima lilicheka, na aliyechekwa alikuwa meneja, si mzee.

"Twende, mama," akamwambia mkewe.

Mwalimu hakwenda. Alivuta kiti, akakaa mpaka barua ikachanwa mbele ya macho yake na nyingine ikaandikwa: kwamba Bwana Stoo ameacha kazi kwa hiari yake baada ya miaka ishirini na sita bila kosa. Meneja alipomkabidhi, Mwalimu alisahihisha makosa matatu kwa kalamu nyekundu na kumrudishia achape upya. Barua hiyo ipo. Anayetaka kuiona aje mchana, abishe hodi kwa mlango wa mbele.

Mzee aliishi miaka miwili baada ya hapo. Mafundi walizoea kupita nyumbani, wakasimama kwenye dirisha la sebule wakiuliza kipuri fulani kiliwekwa rafu ipi. Yeye akiwa kwenye kiti chake aliitikia, "Naam," na kuwatajia namba. Dabo faivu, eiti, o. Hakuna aliyekohoa.

Alikufa kwa ugonjwa wa figo, kama karatasi ya hospitali inavyosema. Hakufa kwa aibu, wala kwa kinyongo, wala kwa ukali wa mkewe.

Linaloulizwa sasa, hasa upande wa pili wa ukuta wa jikoni, ni kama Mwalimu alimwomba mumewe radhi. Siku ile walitembea kwa miguu kutoka ghalani hadi nyumbani, mwendo wa dakika arobaini, na yaliyosemwa njiani yalisemwa kati ya watu wawili. Mmoja amezikwa. Mwingine hasemi, na asiulizwe tena.