Wote Walijibu Nzuri

Mtaani kwetu wanamwita Cherehani. Si kwamba anashona. Hata uzi hajui kuutunga kwenye sindano. Ni miguu yake. Akikaa kwenye kiti visigino vinapanda na kushuka kama anakanyaga pedali, na meza inatetemeka pamoja naye. Asubuhi anaandikisha wagonjwa kwenye dirisha la zahanati, na wagonjwa wenyewe humwambia, "Dada, tulia, hapa anayeonekana kuumwa ni wewe." Mchana anarudi nyumbani, anakula akiwa amesimama, kisha anafungua kompyuta kwenye chumba cha mbele, ambacho zamani kilikuwa kiwanda cha chapa cha marehemu baba yake.

Katika chumba hicho nimefanya kazi miaka thelathini na moja. Baba yake alikuwa mpiga chapa, mimi nilikuwa msoma prufu. Karatasi ya kwanza ikitoka mashineni, wino bado mbichi, naletewa mimi niwinde makosa kabla hazijachapwa mia tano. Shule niliiacha darasa la nne. Kusoma kwangu kote kumetoka kwenye prufu: kadi za harusi, katiba za vyama vya ushirika, matangazo ya misiba, na kamusi niliyokuwa naifungua mpaka jalada likabanduka. Watoto waliniita Babu Koma, kwa sababu ya alama nilizokuwa nawawekea watu kwenye barua zao, na kwa sababu ya neno nililokuwa nawaambia wao wakipiga kelele dirishani.

Siku hizi prufu hakuna. Mtu anaandika kwa kidole gumba, anatuma, na kosa lake linafika kwa watu elfu kabla yeye mwenyewe hajalisoma. Mashine zetu ziliuzwa kwa uzito, kama viazi. Imebaki moja tu, ya kukatia karatasi, nzito kiasi kwamba wanunuzi wa vyuma chakavu walishindwa kuipitisha mlangoni. Juu yake Cherehani ameweka kile kisanduku cha intaneti chenye vitaa vya kijani. Nikiingia huwa nakipa mgongo.

Kiwanda kilipokufa, baba yake alitengeneza tovuti ya mtaa. Aliijenga kama alivyozoea kupanga ukurasa: juu kabisa tanzia, ndani ya mstari mweusi, chini yake habari za maji na umeme, kisha vilivyopotea na vilivyookotwa, mwisho matangazo ya biashara. Alipofariki, binti akairithi pamoja na ile mashine ya kukatia. Aliiendesha miaka sita bila kuigusa sura. Lakini kwenye simu haikufunguka vizuri, na watu siku hizi hawana kingine zaidi ya simu. Kamati ya mtaa ikaanza kunong'ona kwamba kazi wapewe vijana wa kampuni fulani, wale wanaovaa fulana za kufanana.

Cherehani akaomba apewe nafasi kwanza. Miezi saba, kila alasiri, akaijenga upya. Makubaliano yalikuwa hivi: toleo la majaribio lifunguliwe wiki mbili, wakazi watoe maoni, na Jumamosi ya pili kamati ikae. Wakiridhika, tovuti ya zamani inazimwa na mpya inabaki mikononi mwake. Wasiporidhika, kila kitu anakabidhi kwa wenye fulana, pamoja na kazi ya baba yake.

Siku mbili kabla ya kufungua aliniita nimsomee fomu ya maoni.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Nini hiki? 'Tathmini uzoefu wako wa utumiaji.' Nani amekwambia uandike hivi?"

"Ndivyo wanavyoandika wote."

"Wanaoandika hivyo hawajawahi kuongea na mtu. Ukimuuliza fundi viatu wa pale kona uzoefu wake, atakujibu ana miaka ishirini na sindano. Uliza kama binadamu."

"Niulizeje?"

"Habari ya tovuti mpya?"

Akaandika. Mama yake, aliyekuwa akipanga vyombo chumba cha pili, akasema kwa sauti, "Afadhali hilo hata mimi nimelielewa! Na wewe mwanangu kaa, sakafu itatoboka."

Nilitoka pale kichwa kimevimba.

Jumatatu ikafunguliwa. Majibu thelathini na matatu siku ya kwanza. Nzuri. Nzuri sana. Salama. Safi. Poa. Njema, sijui kwako. Mmoja aliandika, "Nzuri, za huko?" Mimi pia nilijibu, kwa simu niliyopewa na mwanangu: "Nzuri. Hongera." Jumatano ya wiki ya pili yalikuwa yamefika mia mbili na kumi na mawili, na halikuwamo hata moja baya.

Mtu mwingine angecheza ngoma. Cherehani roho yake ilikuwa juu juu. Alifungua majibu, akafunga, akafungua tena. Alizunguka ile mashine ya kukatia mpaka mama yake akalalamika kizunguzungu.

Alasiri ile mwenyekiti wa kamati alipita. Tunamwita Bwana Kwa Ufupi, maana akishasema "kwa ufupi", tafuta kiti.

"Mia mbili na kumi na mbili!" akasema akiwa bado mlangoni. "Kwa ufupi, binti, umeshinda. Katika maisha yangu yote ya kamati sijaona jambo lililokubaliwa na watu wote. Hata suala la taka. Hata suala la mbwa. Unakumbuka suala la mbwa?"

"Nalikumbuka, mwenyekiti, ndiyo maana sina amani. Watu hawa hawa waligombana miezi minne juu ya rangi ya geti. Leo wote wamekuwa malaika?"

"Usichokonoe. Jumamosi unasoma namba, tunapiga makofi, tunazima ya zamani, kila mtu anarudi kwake."

Alipoondoka, baada ya kutukumbusha suala la mbwa lote tangu mwanzo, Cherehani alinigeukia.

"Baba mdogo, wewe ulijibu nini?"

"Nzuri."

"Na ni nzuri kweli?"

Nikatikisa kichwa. Maandishi yake yalikuwa ya kijivu juu ya weupe. Niliyasoma simu ikiwa karibu kugusa pua. Sehemu ya vilivyopotea sikuiona kabisa. Mimi, niliyewahi kurudisha kadi ya harusi mara tisa kwa ajili ya nukta moja.

"Sasa kwa nini uliandika nzuri?"

"Kwa sababu umeniuliza habari."

Neno lilipotoka ndipo nililisikia. Ukiulizwa habari, unajibu nzuri. Umemkuta mtu kitandani, mguu umefungwa mbao: habari ya mguu? Nzuri, ila umevunjika. Zamani watu walikuwa na nafasi ya kusalimiana. Ulikaribishwa, ukakaa, ukaulizwa habari ya nyumbani, ya kazi, ya watoto, ukajibu nzuri, nzuri, nzuri, kisha ndiyo ikaja ile "ila", na baada ya "ila" ndipo mazungumzo yalipoanza. Fomu ya Cherehani ilikuwa na mstari mmoja na kitufe cha Tuma. Haikuwa na mahali pa kuweka "ila".

"Swali nililitunga mimi," nikamwambia. "Hukukusanya maoni, mwanangu. Umesalimiwa na watu mia mbili na kumi na wawili."

Alisimama, ingawa hakuwa amekaa vizuri hata kidogo. "Baba alikuwa anaulizaje?"

Nilimkumbuka. Hakuwahi kuuliza kama kazi ni nzuri. Aliweka prufu mbele ya mwenye kazi, akampa kalamu nyekundu, akasema: "Nionyeshe nilipokosea." Na hakumwachia mlango mpaka atie alama walau moja.

Akaandika maneno hayo mawili kama yalivyo. Kidole kikabaki hewani.

"Nikibofya hapa, Jumamosi nitaingia na rundo la lawama."

"Acha basi. Nzuri zako unazo. Nani atajua?"

Akanitazama kama nimetukana. "Babu Koma mzima ndiye ananiambia kazi iende bila prufu?"

Akabofya.

Mpaka Ijumaa mchana yalikuwa yamefika majibu mia moja thelathini na tisa. Alinisomea akitembea. "Maandishi yamepauka kama shati la juzi." "Kitufe cha Rudi hakinirudishi nilikotoka, kinanipeleka mwanzo kabisa. Kina akili za mume wangu." "Hiyo picha ya mbele ni ya mtaa gani? Sisi maua hatuna." "Nimewaambia bomba limepasuka, mmenijibu asante kwa kujiunga." Mama yake alicheka mpaka akashika mbavu. Cherehani naye alicheka, anaandika pembeni, anazunguka, mpaka akafika kwenye jibu la fundi viatu wa pale kona. Hapo sauti ikapungua.

"Tanzia mmeificha wapi? Nilitazama juu kama siku zote, sikuona kitu, nikajua hakuna aliyefariki. Mzee aliyenifundisha kazi hii amezikwa Jumanne ya wiki iliyopita. Ni nyumba ya kumi kutoka kibandani kwangu. Nimejua Alhamisi."

Akatafuta jibu lake la kwanza, kwenye yale mia mbili na kumi na mawili. Lilitumwa Ijumaa iliyopita, siku moja baada ya kupata habari. Lilisema: "Nzuri, tunashukuru."

Tanzia ilikuwapo. Cherehani alikuwa ameiweka ndani ya Matukio, ya nne, chini ya siku ya usafi, mashindano ya mbio na mahafali ya chekechea.

"Nilitaka mtu akifungua asikutane na kifo kwanza," akasema.

Akakaa. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue akiwa mtoto wa kutambaa kati ya masanduku ya herufi, visigino vyake vilikuwa chini, vimetulia. Nikaona ni heri vingecheza. Zamani msiba ulitangazwa na mtu mwenye baiskeli, nyumba kwa nyumba, na hakuondoka mlangoni mpaka umeitikia. Baada yake ukaja mstari mweusi wa rafiki yangu, baba wa Cherehani. Sasa hata mstari tumeufuta, tena kwa nia njema.

Kisha akanyanyuka, akaenda kona. Nikamfuata kwa mwendo wangu. Fundi alikuwa ameshika kiatu cha shule kati ya magoti.

"Pole, kaka. Kosa ni langu."

"Nishapoa, dada."

"Mbona mara ya kwanza ulisema nzuri?"

"Si ulinisalimia? Nikurukie na msiba wangu hapo hapo mlangoni?"

"Kesho uje kwenye kikao. Useme mbele yao."

Fundi akatoa misumari mdomoni. "Watakunyang'anya kazi."

"Uje."

Kikao kilifanyika kwenye darasa la shule ya msingi, madawati mafupi, magoti ya wazee yakigusa videvu. Vijana wawili wenye fulana za kufanana walikaa karibu na dirisha. Bwana Kwa Ufupi akafungua kwa ufupi, na jua likahama dirisha moja hadi la pili. Ndipo Cherehani akasimama na karatasi mbili.

"Hii ya kwanza ni salamu," akasema. "Nimezipokea, nashukuru. Hii ya pili ndiyo maoni."

Akaanza kuyasoma, moja baada ya jingine, yote mia moja thelathini na tisa. Mwanzoni watu walicheka, kila mmoja akimtafuta jirani aliyeandika. Kisha wakaanza kuongeza yao: "Na mimi ninalo!" "Weka na hili!" Mwenyekiti alijifuta jasho. "Binti, unajichimbia mwenyewe," akanong'ona, lakini mnong'ono wake husikika hadi barabarani. La mwisho hakulisoma. Alimpisha fundi viatu, naye akasema maneno yale yale, akaketi.

Mwenyekiti akawageukia vijana. "Nyinyi mngefanyaje?"

Mmoja wao, kijana mwenye adabu, akajikuna shingo. "Kusema kweli, mzee, hata sisi tanzia tungeiweka kwenye Matukio. Ndiyo kawaida."

Hapo mama mmoja wa kamati, anayeuza mafuta ya taa na hapendi maneno mengi, akasema, "Huyu makosa yake mia na thelathini na tisa anayo mkononi, ameyaandika. Hawa wataanza kuyatafuta upya. Mimi mtu akinipimia pungufu na akaniambia, nabaki naye."

Wakapiga kura. Ya zamani isizimwe. Ya majaribio iendelee mwezi mmoja zaidi, mikononi mwa Cherehani, kisha aje na orodha ile ile wamkague. "Kwa ufupi," mwenyekiti akamwambia, "hujashinda wala hujashindwa."

Alipotoka nje miguu yake ilikuwa imeshaanza tena.

Sasa ni wiki ya tatu ya ule mwezi. Tanzia imerudi juu, ndani ya mstari mweusi. Orodha ameichapa na kuibandika ubavuni mwa mashine ya kukatia, na kila alasiri anakata kwa kalamu nyekundu yale makosa aliyokwisha kurekebisha. Yamebaki thelathini na moja. Kitufe cha Rudi bado kina akili za yule mume. Siku zake zinakwisha, hali vizuri, zahanati anawaandikisha watu majina ya wengine. Mimi napita kila siku baada ya chakula, nakaa, sasa nikiwa nimeelekea kile kisanduku cha vitaa, maana upande ule ndio wenye mwanga. Ananipa simu. Jana alikuwa amebadilisha rangi ya maandishi.

"Habari ya herufi, baba mdogo?"

"Nzuri," nikasema.

Akabaki amesimama, kalamu mkononi, kisigino kikigonga sakafu.

"Ila?"