Kava la Bati na Suruali Nyeupe

Habari ya msiba ilinikuta jana uani, naanika mpunga. Amefariki yule mzee aliyekuwa karani wa mashine ya kukoboa hapa Ifakara, tena mwalimu wa kwaya. Hatukuwa marafiki wa kutembeleana. Tulisalimiana njiani, basi. Lakini nyumbani kwangu tangu jana hakuna aliyekula vizuri, na sababu yake nitaieleza.

Miaka ya hamsini pikipiki zilikuwa chache mno bondeni kwetu, na ya marehemu ilijulikana toka Sanje hadi Michenga kwa kelele. Aliiagizia Dar es Salaam kava la bati, la kufunika gurudumu la mbele na kukinga miguu, maana kila Jumapili alizunguka vigangoni kufundisha nyimbo na alitaka kufika na suruali nyeupe isiyo na tone la tope. Kava lenyewe, Mungu anisamehe, lilikuwa takataka! Matundu yake hayakulingana na ya pikipiki, kingo zilikata vidole, na lilibana gurudumu hata kidole hakipiti. Akatoboa matundu mengine kwa msumari wa moto, akakazia kwa vipande vya tyubu, na bado likagongagonga njia nzima. Tulimcheka sana. Yeye alilifuta kwa mafuta ya nazi na kutujibu, "Chekeni tu, lakini nani kati yenu anafika kanisani msafi kama mimi?"

Masika moja tulikuwa tumehamia shambani, mbele ya Michenga, kama wakulima wa bondeni wanavyohama msimu wa mpunga. Tulilala kwenye dungu, kile kibanda cha juu ya nguzo, tukilinda ndege na nguruwe. Mke wangu alikuwa mjamzito, na uchungu ukamshika kabla ya wakati. Jumapili asubuhi mama mkwe akaniita pembeni. "Baba, mtoto amekaa vibaya. Mimi nimeshindwa. Asipofika hospitali tutawazika wote wawili." Nikatimua mbio hadi barabarani, na hapo nikalisikia lile bati linakuja.

Hakuwa na maswali mengi. "Shemeji, mlete dada," alisema. Alikuwa mtu wa upande wa Mahenge kama mke wangu, ndiyo maana akaniita hivyo. Mama mkwe akamfunga binti yake mgongoni kwa yule bwana kwa kanga, nami nikawa nyuma nasukuma. Hatukufika mbali. Tope jeusi lilijaa kati ya kava na gurudumu, likaganda kama ugali wa jana. Tukachokonoa kwa kijiti, tukasogea kidogo, gurudumu likagoma tena. Mke wangu akaacha kulia, kichwa kikamlalia yule bwana begani.

Nati zilikuwa zimeshika kutu, hazifunguki. Yule bwana, aliyefungwa pamoja na mgonjwa, hakuweza hata kugeuka.

"Shemeji, panga unalo? Kata."

"Nikate kava?"

"Sasa ulitaka ukate nini? Kata, bwana!"

Nikakata tyubu, nikalipinda bati mpaka likang'oka, nikalitupa majanini. Pikipiki ikaondoka, tope likimrukia mpaka machoni. Hospitalini alifika huwezi kusema suruali ile ilikuwa ya rangi gani. Kabla ya jioni nikawa baba wa binti.

Baadaye nililifuata kava, fundi akalinyoosha, nikampelekea. Akacheka: "Mpe mama mkwe akaanikie samaki."

Siku hizi vijana hunisimulia kwamba vitu vya zamani vilikuwa imara. Wapi! Vibovu tuliletewa tele, vimetengenezwa na watu wasiolijua tope letu, na tukavipenda hivyo hivyo. Simcheki tena marehemu kwa kuringia bati lake. Kila mtu anahitaji kitu cha kuringia. Ninalojifunza kwake ni kwamba alikipenda kitu kwa moyo wote, na mwenye shida alipotokea hakungoja kubembelezwa. Mimi nina vitu vingi kuliko alivyokuwa navyo yeye, na najiuliza kama ningesema "kata" upesi namna ile.

Tunazika kesho. Binti yangu amewasili leo kutoka Mlimba na wanawe. Akauliza tutakaa upande gani msibani, maana hatuna udugu na marehemu. Mama yake akajifunga kanga.

"Tunakaa na wafiwa," alisema.