Mama alipigwa kiharusi, shangazi akataka arudishwe kwao. Nilikataa

Wakuu, heshima kwenu. Mimi ni bibi wa miaka themanini na kitu, nachapa kwa kidole kimoja, kwa hiyo sina muda wa kuwadanganya.

Juzi nimesoma humu mtu anasema akili ikishapotea kwa stroke, ndiyo basi. Nilikasirika mpaka chai ikapoa.

Enzi za Mwingereza, nikiwa kigoli pale Kibuta, Kisarawe, mama alianguka shambani akichimba mihogo. Mkono wa kulia ukalegea.

Baada ya miezi mkono ulirudi kidogo, ila kichwa hakikurudi. Anataka kupika, hajui aanzie wapi. Anamimina unga kwenye chungu kikavu, halafu ndipo anatafuta kuni.

Dada yake baba akaja kutoka Mlandizi kutusaidia. Akashika jiko lote. Mama akiinuka tu, anaambiwa, "Wifi, pumzika." Akawa wa kukaa barazani kama mgeni.

Na kwetu mke asiyepika nyumbani mwake hana kauli tena hapo. Haukupita muda shangazi akaanza kumwambia baba amrudishe mama kwao Maneromango, yeye atamtafutia mke mwingine.

Baba akachukua jembe, akaenda zake shamba. Kule kuondoka kwake kuliniuma kuliko maneno ya shangazi.

Shangazi aliporudi kwake kuvuna mpunga, nikaona nafasi ndiyo hii.

Kila asubuhi napanga vitu kwenye jamvi kwa mstari: kuni, chungu, maji, unga, mwiko. Mama anagusa kimoja, anakitaja, anakifanyia kazi, ndipo anahamia kingine. Akikwama simsaidii haraka. Nauma ulimi, nasubiri. Wakuu, kusubiri ndiyo kazi yenyewe.

Siku moja alinirushia mwiko, akalia. Na mimi nikalia. Kisha tukaanza upya kwenye kuni. Majirani walisema namtesa mzazi wangu, sikuwajali.

Baada ya mavuno shangazi akaja kumchukua mama ampeleke kwao. Mama akaburuta kigoda mpaka jikoni. Shangazi akanyoosha mkono ampokee chungu, nikasimama katikati.

"Shikamoo shangazi, lakini leo hushiki kitu."

Mama alipika tangu asubuhi hadi alasiri. Ugali una madonge, kisamvu hakina chumvi. Baba alikula mpaka akakomba sahani. Akanawa, akamgeukia dada yake.

"Mimi nimeshakula kwa mke wangu. Wewe wahi njia, jua lisikuchwee."

Nilichojifunza: mgonjwa awahishwe hospitali, siku hizi wapo wataalamu wa mazoezi ya kumbukumbu. Mkirudi nyumbani, msimnyang'anye kazi mkaita huruma.

Wenye wagonjwa, andikeni hapa chini amekwama wapi, tusaidiane. Wa kubishana naye aje, nguvu bado ninazo.

Mama hakupona yote. Mpaka mwisho aliniita jina la mdogo wake. Lakini jeneza lake lilitoka nyumbani kwake.