Nywila Iliyowekwa kwa Hasira

Kuna watu wanaosoma vitabu na kuna watu wanaovitafuta. Mume wa fundi cherehani alikuwa wa kundi la pili, na katika kutafuta hakuwa na mpinzani. Kazini kwake, ofisi ya maji, ambako kutwa alikuwa akitibu kompyuta zilizougua na kuwafungulia wakubwa barua pepe walizojifungia wenyewe, walimwita Maktaba. Yeye alidhani ni sifa.

Kitu alichokuwa akikitafutia vitabu ni mtihani wa cheti cha usalama wa taarifa, yaani kuwazuia wezi wasiopitia dirishani, wale wanaopita kwenye waya. Maktaba alianza kujiandaa mwaka ambao mkewe alinunua cherehani. Cherehani hiyo sasa ilikuwa imechoka, imepinda mguu, inapiga kelele kama mgonjwa wa kifua, na Maktaba alikuwa bado anajiandaa.

Kujiandaa kwake kulikuwa hivi. Akirudi kutoka kazini na kuvua viatu, anaingia kwenye makundi ya simu kuwauliza watu asiowajua kitabu kipi ni bora. Mmoja anamtajia kile kinene, ambacho nyumbani walikiita Tofali. Anakitafuta, anakipata, anakipangusa, anapiga mstari kwenye ukurasa wa kwanza. Kesho yake mwingine anamwambia Tofali limepitwa na wakati, siku hizi watu wanafaulu kwa video za mwalimu fulani anayeongea kama anafukuzwa. Anakusanya video. Wa tatu anamwambia video bila maswali ya majaribio ni kujidanganya. Anakusanya maswali. Kisha anaketi, anakunja nne, anaanza kulinganisha. Mkewe hakuwahi kumwona akifika ukurasa wa pili wa kitu chochote.

"Wewe ungekuwa mteja wangu," alimwambia siku moja, pini kazibana mdomoni, "ungekuja kila siku kupapasa vitambaa, na mwaka unaisha unatembea uchi."

"Mke wangu, huu si mtihani wa kukurupuka. Ukichagua kitabu kibaya umekwisha."

"Na usipochagua?"

Maktaba akajifanya amepigiwa simu.

Sasa mambo mawili yakaja kwa mpigo. La kwanza, meneja alimwita akamwambia ofisi inafungua kitengo cha usalama, na mwenye cheti ndiye atakayekiongoza. Ofisi ingemlipia mtihani mara moja tu, mwezi ujao. "Ukirudi mikono mitupu," meneja alisema huku akitafuta miwani iliyokuwa kichwani mwake, "tutaleta mtu kutoka nje, na wewe ndiye utakayemwonyesha choo kilipo."

La pili, mama mkwe alikuwa amefanyiwa upasuaji wa goti, hawezi kukaa peke yake. Atakuja kuishi nao. Na chumba cha ziada kilikuwa kimoja, kile kilichojaa vitabu mpaka dirishani.

Kwenye simu Maktaba alisema, "Karibu sana mama, karibu nyumbani," kwa sauti iliyotiwa sukari. Simu ilipokatika sukari ikaisha.

"Atakaa kwa muda gani?"

"Mpaka goti litakapoamua," mkewe akajibu.

Akahamisha vitabu, midomo imemvimba. Vyote akawagawia vijana wa ofisini, na kwa kuwa hakutaka waone anaonewa kwake, akawaambia, "Chukueni, mimi nimeshavimaliza." Hakuwa na wasiwasi. Kila kitu alikuwa nacho pia ndani ya diski nyeusi ndogo kama kiberiti: Tofali, video, maswali, mpaka na vitu ambavyo hakukumbuka ni vya nini. Jioni ile ile akaketi mezani, nyuma ya mgongo wa mkewe, bado anafoka kimoyomoyo, akabadilisha nywila ya diski.

Hapa inabidi ujue udhaifu wa Maktaba. Tangu darasa la kwanza hajaweza kusoma wala kuandika bila kutikisa midomo, na midomo yake haikutikisika kimya.

"Mama mkwe," ilisikika nyuma ya mgongo wa fundi. "Herufi kubwa. Akija. Nahama. Saba. Nyota. Alama ya mshangao."

Mguu wa mkewe ukakanyaga pedali vibaya, sindano ikakatika pwaa! Alibadilisha sindano taratibu, lakini rohoni moto uliwaka. Eti nahama! Ahamie wapi, na masufuria yote ni yangu?

Mama mkwe akaja na fimbo yake na mkoba mmoja, akapokewa vizuri. Maktaba hata alimbebea mto. Siku chache baadaye akachomeka diski ili aanze kazi. Diski ikakataa. Akajaribu jina la shule yake, jina la timu yake, jina la mbwa wa utotoni. Ikamkatalia kama mlinzi mpya wa getini. Jasho likamtoka mpaka kwenye masikio.

"Nimeisahau," akasema.

"Nini?"

"Nywila. Niliibadilisha juzi nikiwa... nikiwa na mawazo."

"Mawazo gani?"

"Ya kawaida tu."

Mkewe akaingiza uzi kwenye tundu la sindano, polepole kuliko ilivyohitajika. Nywila ilikuwa kwenye ncha ya ulimi wake, na nyota yake na mshangao wake. Akaimeza. Mtu anayemtukana mama yangu ndani ya kompyuta, aliwaza, atoke jasho kidogo. Ijumaa nitamwambia.

"Hukuiandika mahali?"

"Kuandika nywila ni kosa la kwanza kabisa!"

"Haya. Hilo umeliepuka."

Kuwaomba vijana wamrudishie vitabu hakuweza, maana kwao alikuwa ameshavimaliza. Akaanza upya kuwauliza watu wa kwenye simu kitabu kipi ni bora, na mkewe akaiona simu ile ikiwaka tena.

Aliyewaokoa ni mama mkwe, na wala hakukusudia. Alikuwa amekaa mguu juu ya kigoda, hana la kufanya ila kutazama chini.

"Mwanangu," alimwita bintiye, "hicho ulichokiweka chini ya mguu wa cherehani si kitabu?"

Kilikuwa kitabu. Kijitabu chembamba, Maktaba alipewa bure kwenye semina, akakitupa mezani akisema ni cha watoto. Mkewe hakuona sababu ya kutupa kitu chenye unene unaofaa. Sasa akainua cherehani, akakichomoa. Jalada lilikuwa na mafuta ya mashine na shimo la duara pale mguu ulipokalia, shimo lililobonyea mpaka sura ya tatu. Lakini jina la mtihani lilisomeka.

"Hiki?" Maktaba alikishika kwa vidole viwili. "Hiki hata mada hakizimalizi."

"Wewe umemaliza ngapi?" mkewe akauliza.

Akakifungua kwa kununa. Na kwa kuwa hakikuwa na cha kulinganishwa nacho, ikatokea ajabu. Aligeuza ukurasa. Mkewe akasimamisha mashine akamtazama. Akageuza mwingine.

Ijumaa ikafika. Mkewe aligeuka kwenye kiti, ameshafungua mdomo kumwambia, akamkuta kaweka kidole juu ya mstari, midomo inakwenda, hata chai imepoa hajaigusa. Akaufunga. Mumewe akiifungua diski hiyo, Tofali linarudi, na yule mwalimu anayefukuzwa anarudi, na kulinganisha kunarudi. Sasa hakuwa na hasira tena. Alikuwa na hofu, ambayo ni nzito zaidi. Kama mume wake angeanguka mtihani kwa sababu ya kijitabu cha chini ya cherehani, na yeye alikuwa na ufunguo wa vitabu vyote mdomoni, ni nani angekuwa amemwangusha?

Kunyamaza ikawa kazi ya pili juu ya ushonaji. Cherehani nayo, bila kitabu chake, iliruka kama mbuzi. Karatasi ngumu alizokunja hazikufaa. Mwalimu mmoja wa jirani alirudisha sketi.

"Fundi, upindo huu mbona unapanda mlima?"

"Ni mtindo, mwalimu."

"Wa nani?"

"Niachie, nitakutengenezea."

Jioni mama mkwe alivaa miwani akamhoji mkwewe maswali ya nyuma ya kitabu, kwa sauti ya polisi.

"Mtu anakupigia simu. Anasema yuko makao makuu, anataka nywila yako, ana haraka. Unafanya nini?"

"Kwanza nathibitisha utambulisho wake kwa kufuata utaratibu wa..."

"Unamkatia! Ana haraka ya nini?"

"Mama, jibu la kitabu ni kuthibitisha."

"Basi thibitisha, halafu mkatie." Akageuza ukurasa. "Sura ya nne. Je, inaruhusiwa kumwambia mwenzio nywila yako?"

"Hairuhusiwi."

"Hata mkeo?"

"Hata mke."

"Loo. Ndoa ngumu hizi."

Nyuma yao mashine iliruka, na aliyekuwa akiikanyaga akajiuma mdomo. Mara nyingine usingizini alijikuta anaikariri, herufi kubwa, saba, nyota, akaamka ameshika mdomo kwa mkono.

Siku ya mtihani Maktaba alivaa shati ambalo mkewe alilipiga pasi mpaka likaweza kusimama lenyewe. Alipoondoka, fundi alishona mkono wa kushoto wa gauni upande wa kulia. Akaufumua. Akaushona tena pale pale.

"Tulia," mama yake akamwambia. "Anajua. Nimemhoji mimi."

"Mama, kama kitabu hakikutosha?"

"Kwani kulikuwa na kingine?"

Fundi akainama kutafuta kifungo sakafuni ambacho hakikudondoka.

Maktaba alirudi mchana, karatasi mkononi, uso haueleweki. Akavua kiatu kimoja. Akakaa.

"Sema basi!" mkewe akapiga ukelele.

"Nimefaulu."

Mama mkwe alipiga fimbo sakafuni mpaka wapangaji wa chini wakagonga dari. Mkewe yeye aliketi juu ya gauni la watu, pini na vyote, akalia, na hakuna aliyejua hasa analia nini. Pini nazo zilihusika.

"Tena nimepita kwa chupuchupu tu," Maktaba alisema kwa unyenyekevu ambao hakuwa nao asubuhi. "Lakini kupita ni kupita."

"Ni kitabu," akasema mama mkwe. "Na mimi. Haya, na ile diski yako baba, nywila haijakurudia?"

"Imerudi, mama. Swali la kumi na ngapi sijui lilihusu nywila, ikanijia yenyewe yote."

"Alhamdu! Ilikuwa nini?"

Maktaba akafungua mdomo, akaufunga. Rangi ikamhama. Akatazama fimbo. Akatazama kigoda. Mama mkwe alisubiri, miwani imeshuka puani, anatabasamu kama mtu anayesubiri zawadi.

"Mama naye," fundi akadakia, anajipangusa macho. "Nywila haitajwi. Umesahau sura ya nne?"

"Ah! Kweli. Sura ya nne."

"Hasa," akaongeza, sasa anamtazama mumewe usoni, "hasa hiyo yenye nyota na mshangao mwishoni."

Maktaba alibaki na kiatu kimoja mguuni. Macho yake yalikwenda kwa mkewe, yakaenda kwenye kiti cha nyuma ya cherehani, yakaenda kwenye meza, yakapima umbali. Ni hatua mbili. Akaelewa yote, mpaka ile sindano iliyokatika. Akataka kusema jambo kuhusu siri na utaratibu. Akaliacha. Badala yake akapiga magoti, akainua cherehani, akakirudisha kijitabu pale pale, shimo likakaa kwenye mguu kama kofia kichwani. Fundi akajaribu pedali. Mashine ikatulia.

Jioni mama mkwe alipoingia kupumzika, Maktaba akachomeka diski, ikafunguka. Mkewe alisikia, akakaza mabega, akasubiri Tofali. Tofali halikuja. Alisikia vidole tu, na midomo ikianza safari yake.

"Mama mkwe," ilinong'ona nyuma yake. "Herufi kubwa. Asihame."

"Ongeza namba," akasema bila kugeuka. "Na ufunge mdomo."